Punje ya Kumi na Moja

Wattaya, Jumapili, 3 Novemba 2024

Ami Ishaq,

Assalaam alaykum. Mimi ni Nasriya, ninayefanya kazi na binti yako Wijdan hapa karakana ya makumbusho. Yeye anaandikisha vitu vinavyoingia, mimi navitengeneza. Wijdan ameniambia kuwa simu huipokei kwa sababu ya masikio, na ujumbe wa simu husomi kwa sababu ya ukaidi. Basi nimeandika kwa mkono kama zamani. Barua atakuletea yeye leo akivuka mlima kurudi Al Amerat, na nimeifunga kwa gundi maana namjua.

Nina shida moja. Tumeletewa kibao cha pembe ya ndovu, ukubwa wa kiganja. Amechongwa Bi Maryamu amesimama juu ya mawingu, amempakata mtoto. Malaika wawili wamechomoza vichwa juu yake, na ukingoni kote inazunguka rozari ya Wakatoliki. Picha imeinuka juu ya ubao, nyuma ni bapa. Ni kazi ya mtindo ambao Wazungu huuita baroko, waliyokuwa wakichongewa mapadri wa Kireno kule Goa miaka mia tatu na zaidi iliyopita: nguo zinapepea, mikunjo mizito, kila kitu kinajipinda. Mwenyewe ni Bi Lavina wa Darsait. Kimetoka kwa marehemu mama yake, Bi Ermelinda, Mgoa wa Unguja aliyekuwa fundi cherehani Matrah. Wanasema kimo katika ukoo tangu Goa.

Tarehe 28 mwezi huu natakiwa nitie sahihi ripoti ya kusema ni cha lini na cha wapi, kisha kiingie kwenye maonyesho. Mkuu wangu alitaka kumwita mtaalamu wa nje. Nikamwambia hakuna haja, nitaifanya mwenyewe. Ni ripoti yangu ya kwanza yenye jina langu peke yangu, Ami, na nikikosea sitapewa ya pili.

Wewe umechonga mipini ya majambia maisha yako yote, na pembe unaijua. Nakuletea picha nane. Historia sitaki, hiyo ninayo. Nataka uniambie mkono uliochonga ulifanya nini.

Mwanao,
Nasriya


Al Amerat, Jumanne, 5 Novemba

Mwanangu Nasriya,

Waalaykumu salaam. Gundi yako ni nzuri: Wijdan alijaribu, akashindwa.

Picha nimezitazama jana baada ya alasiri, na leo asubuhi tena. Bi Ermelinda amefariki lini? Mimi sina khabari. Mtu akihamia huku nyuma ya mlima, hata misiba haimfikii.

Umeuliza mkono. Basi sikiliza. Kazi ya picha ya kuinuka si kuchonga mtu, ni kuchonga kivuli. Kwanza unashusha uwanja unaomzunguka mtu kwa keekee, tundu kwa tundu, kina kimoja, kisha unaondoa kwa patasi nyembamba kilichobaki baina ya matundu. Mtu anabaki juu kama donge, na hapo ndipo unapoanza kumtafuta. Mkunjo wa nguo unauchimba kwa chini, ubavuni, mpaka nuru isifike, na mwenye kutazama atadhani kitambaa kimeachana na mwili. Ukiogopa kuchimba, nguo inalala kama chapati. Ukizidisha, unatokea upande wa pili, na pembe haishonwi.

Tazama picha yako ya nne, mkunjo wa kushoto chini ya kiwiko. Hapo aliogopa. Tazama uso: mashavu yamejaa kwa sababu hakujua pa kusimama, kila akipunguza anaona bado, mara akaona aache asije akaharibu. Punje za rozari ni kubwa mno. Na huo upepo unaopeperusha nguo sijui kautoa wapi, maana mawingu yametulia tuli. Huyu alikuwa kijana, hakuwa na mwalimu wa kazi hii, na alikuwa na haraka huku akijifanya hana.

Alichofanya vizuri ni vidole vya mkono wa mtoto. Hapo alitulia.

Ni cha lini, sikujibu. Hukuniuliza.

Ami yako,
Ishaq bin Sinan


Wattaya, Jumapili, 10 Novemba

Ami Ishaq,

Assalaam alaykum. Umemsema vibaya sana fundi wangu! Mimi nimeshampenda, na mashavu yale nayapenda zaidi. Bi Ermelinda alifariki mwaka jana mwezi wa Shaabani. Hukusema kama mlijuana.

Sasa nakuuliza la lini, lakini kwa adabu ya mtu ambaye jibu analo. Ushahidi wangu ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni mguu. Mguu wa kulia wa mtoto umelika. Vidole vitano vimekuwa kimoja, laini kama kokwa ya tende iliyomumunywa. Hakuna patasi inayofanya hivyo, ni vidole vya watu waliokuwa wakiugusa wanaposali. Pembe ni ngumu, Ami, wewe wajua kuliko mimi. Kulika namna ile kunataka vizazi vingi, na nimeandika miaka mia tatu.

Wa pili ni rozari. Nimehesabu punje ukingoni, ni thelathini na tatu. Hiyo ndiyo miaka ya Nabii Isa duniani kwa hesabu ya Wakristo. Sijaona kibao kingine chenye hesabu hiyo. Nimeandika kurasa mbili kuhusu punje hizo tu, kwamba fundi alificha umri wa Isa ndani ya rozari ya mama yake. Mkuu wangu amesoma, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

Kipimo cha maabara kinataka kutoboa, na Bi Lavina hataki mama yake atobolewe. Hivyo ndivyo anavyosema, "mama."

Niandikie kuwa umeridhika, nitaje jina lako kwenye shukrani.

Mwanao,
Nasriya


Al Amerat, Jumanne, 12 Novemba

Mwanangu Nasriya,

Jina langu usilitaje.

Nantongo anayetusaidia hapa nyumbani ni Mganda, na ni Mkatoliki. Jana alikuja kuchukua vikombe akaziona picha zako juu ya meza. Akafanya ishara ya msalaba, akatazama kwa muda, akaanza kucheka. Nikamuuliza kinachomchekesha. Akaniambia, kwa sauti kubwa ya kuniwezesha kusikia: "Mzee, huyu fundi si mtu wa kanisa. Rozari huwa kumi, kumi, kumi, mafungu tano. Hii ameweka kumi na moja, mara tatu. Sasa mtu atasali nini kwa hiyo ya kumi na moja?"

Nami sikuwa nalijua hilo mpaka jana.

Thelathini na tatu, na kila baada ya kumi na moja pana kitenganisho. Kaitazame tasbihi ya baba yako.

Usitie sahihi, mwanangu. Sababu nitakueleza, nipe siku chache.

Ishaq


Wattaya, Alhamisi, 14 Novemba

Ami Ishaq,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitasema ukweli: imenikera.

Kuhusu rozari, namshukuru Nantongo. Amenitoa kwenye kosa, na zile kurasa mbili nimezifuta. Lakini hesabu ya tasbihi haikipunguzii kibao thamani, inakizidishia. Ina maana fundi alikuwa Muislamu, akifanya kazi ya mapadri huko Goa. Hilo ni jambo kubwa kuliko nililoandika mwanzo! Kwa nini basi nisitie sahihi?

Nimejiuliza sana. Wijdan ameniambia kuwa tangu zifike zile picha huongei, na chai unaiacha inapoa. Nadhani nimeelewa. Wewe ni mtu wa msikitini, na hupendi kuona mkono wa Muislamu umechonga sura ya mtu. Hupendi iandikwe, tena na binti wa Kiislamu. Kama ndivyo, Ami, niambie waziwazi. Usinipe amri bila sababu kama mtoto anayezuiwa asicheze na maji.

Nitatia sahihi tarehe 28 isipokuwa uniletee sababu kwa maandishi.

Nasriya


Al Amerat, Jumapili, 17 Novemba

Mwanangu Nasriya,

Umekasirika, na haki unayo. Pamoja na barua hii Wijdan atakupa kopo la biskuti lililofungwa kamba. Lifungue ukishamaliza kusoma.

Fundi wako ni mimi.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nna miaka sita tu tangu nitoke Unguja kuvuka bahari kuja huku. Nilikuwa nachonga mipini kwa bwana mmoja akiitwa Msellem, karakana yake ndani ya vichochoro vya Matrah. Bi Ermelinda alikuwa akishona nguo za shule mlango wa tatu. Alikuwa Mgoa wa Malindi ya Unguja, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Siku moja akaja na kibao kimefungwa kitambaa. Kilikuwa kizee kweli, cha hao babu zake. Kimepinda kidogo, kina ufa, na bawa la malaika mmoja limeng'oka. Akasema, "Ishaq, wewe mtu wa kwetu, nitengenezee, sitaki kumpa mgeni."

Bawa nilijua kuligandisha. Kunyoosha sikujua. Ningemuuliza Msellem, lakini nilijiona fundi. Basi nikamwandikia baba yangu Unguja, barua fupi maana nilikuwa na aibu: "Baba, pembe iliyopinda nainyoosha vipi?" Baba akajibu upesi kuliko kawaida yake: "Pembe ichemshe mpaka ilegee, kisha ibane baina ya mbao mbili mpaka ipoe."

Wewe umeshafahamu. Baba wakati ule alikuwa akitengeneza vitana na vifungo kwa pembe za ng'ombe. Pembe ya ng'ombe ukiichemsha inalegea, unaikunja utakavyo. Mimi mkononi nilikuwa na pembe ya ndovu. Sisi zote tunaziita pembe. Laiti ningeandika neno moja zaidi! Na yeye hakuona nilichoshika, barua haina macho.

Nikaitia kwenye sufuria. Haikulegea. Ilipasuka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na punje za rozari zikabanduka moja moja zikawa zinacheza ndani ya maji. Nilikaa chini nikalia, wallahi, mtu mzima mwenye ndevu.

Bi Ermelinda nikamwambia bado. Kila Alhamisi anakuja, namwambia bado, pembe haitaki haraka. Nikamuomba Msellem kipande cha jino la ndovu, nikamdanganya ni cha kujifunzia. Miezi saba nilichonga, Ijumaa zote na kila siku baada ya kazi. Vile vipande nilivipanga juu ya donge la unga nipate kuona umbo. Uso ulikuwa umepasuka katikati, nikaubuni. Rozari ilikuwa imesambaa yote. Punje zilizosalimika ni arubaini na moja, nyingine zimesagika, nami sikujua hesabu wala mpango wake. Sikuthubutu kumuuliza Mkristo yeyote, angeshuku. Nikatia hesabu niijuayo.

Nikampelekea. Akakishika, akakitazama muda mrefu. Akasema, "Ahsante, Ishaq. Umenihifadhia vizuri." Hakutaja kitu kingine, wala mimi sikutaja. Tangu siku ile nikawa nikimuona ananijia kwenye kichochoro, napita kingine. Miaka arubaini na minne. Nilijiambia nitamwambia mwakani. Sasa wewe umenipa khabari ya kifo chake kama mtu anayetaja hali ya hewa, huku hujui.

Sura za watu sikuchonga tena. Hapo umebahatisha, lakini haikuwa dini. Ni kuwa sikuweza.

Ndani ya kopo mna kibao cha Goa chenyewe, vipande na punje. Sikuweza kukitupa.

Sasa andika unachotaka, na jina langu litaje. Afadhali mimi niitwe mwongo kuliko wewe uitwe mjinga.

Ami yako,
Ishaq bin Sinan


Wattaya, Jumapili, 24 Novemba

Ami Ishaq,

Assalaam alaykum. Nimechelewa kujibu. Siku mbili za mwanzo sikutaka kukujibu kabisa.

Nilikuwa na hasira kwamba ulinyamaza ukaniacha nijenge hoja yangu. Ile barua yako ya kwanza, unamtukana fundi na fundi ni wewe! Kisha nikafungua kopo, hasira ikapungua kwa sababu kazi ilikuwa imenijia mikononi. Nimevipanga vipande juu ya mchanga. Sura inakosa kidevu na sehemu ya shavu, lakini ni yeye, mwembamba, mwenye huzuni, na mkunjo chini ya kiwiko umechimbwa mpaka giza. Yule hakuogopa. Ni kazi ya Goa, ya karne ya kumi na saba, na hilo naliandika bila wasiwasi.

Nilikwenda kwa mkuu wangu na kopo na ripoti ya zamani, nikaichana mbele yake. Akauliza, "Nani aliyegundua?" Nikamwambia kijakazi wa Kiganda na mzee aliyevunja. Akasema niandike hivyo hivyo, ila kwa adabu. Nimeandika. Jina la Nantongo nimelitia, na neno "kijakazi" nimeliondoa.

Lililonisumbua zaidi ni mguu. Nilikuwa nimeandika miaka mia tatu na vizazi vingi. Kumbe ni mtu mmoja, Ami. Bibi mmoja, kidole gumba kimoja, miaka arubaini na minne.

Ilinibidi nimwambie Bi Lavina. Nilikwenda nyumbani kwake Darsait, nikampa barua yako aisome mwenyewe. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Alinipa maji, akanisindikiza mlangoni. Leo ameleta bahasha ina jina lako. Imo humu ndani. Sijaifungua, na nimeitia gundi juu ya gundi yake.

Mwanao,
Nasriya


Darsait, 23 Novemba

Bwana Ishaq,

Sijui nikuite nani. Mama alikuwa akikuita "Ishaq wetu", kwa hiyo mimi nilikua nikidhani wewe ni jamaa.

Nimekasirika siku nzima, na nataka ujue kwa lipi. Si kwa kuvunja. Ni kwa kuwa uliishi Matrah miaka yote hiyo, ukahamia Al Amerat, na hukuingia kwetu hata mara moja kunywa chai. Mama alikuwa akiona mgongo wako ukipinda kona ya kichochoro. Alidhani umeoa mke mwenye wivu.

Sasa nakwambia la pili. Tulipokuwa wadogo, mama alitusalisha mbele ya kile kibao kila jioni kabla ya chakula. Alikuwa akisema kwamba Mama Maria alikaa kwa fundi miezi saba, akarudi amenenepa, lazima huko alilishwa vizuri. Sisi tunacheka, tunataka aseme tena. Kisha alituonyesha kwamba rozari ya huyu Mama si kama za kanisani: kila kumi imezidi moja. Mimi nikamuuliza, mama, hii ya kumi na moja ya nini? Akasema, "Kumi ni zenu. Ya kumi na moja mwombeeni fundi."

Tukaomba. Kila siku mara tatu, mimi na kaka zangu, na mama mpaka jioni yake ya mwisho, wakati sauti haikuwepo tena na kidole tu ndicho kilichokuwa kinatembea. Sijui alijua nini. Mama hakuwa mtu wa kuhesabu vibaya; alikuwa anakata kitambaa kwa jicho.

Nimemwambia Nasriya aniandikie karatasi. Kibao cha Goa kibaki kwao, watu wakione. Chetu nirudishiwe. Ukingo wa bawa la malaika wa kushoto unacheza, wamenambia karakana yao wanaweza kuugandisha. Nimekataa. Nataka ufanye wewe.

Lavina


Al Amerat, Jumatano, 27 Novemba

Mwanangu Lavina,

Barua yako nimesomewa na Wijdan, kwa sababu nilipofika katikati macho hayakuona. Kwa hiyo sasa na yeye anajua, na Nantongo aliyekuwa amesimama mlangoni anajua, na amekwenda kulia jikoni.

Nilidhani nimebeba uzito huu peke yangu. Kumbe jioni zote zile, mimi napita kichochoro cha pili nisionekane, nyinyi mko ndani mnaniombea. Nnaona haya, na nnafurahi, yote mawili, na sijui lipi limetangulia.

Sikuoa mke mwenye wivu. Marehemu mke wangu alikuwa mpole, msimsingizie.

Nna tasbihi ya punje thelathini na tatu, ya baba yangu. Tangu jana kila nikifika kwenye kitenganisho, nnasita hapo kidogo, nnamtaja mama yako.

Mkono unatetemeka asubuhi, lakini baada ya chai unatulia. Patasi zangu Wijdan amezitoa uvunguni, nimezinoa. Njoo Ijumaa, baada ya sala. Njoo mwenyewe na kibao, usimpe mtu, na chai ile ya miaka arubaini na minne tutainywa hapa.

Bawa nitaligandisha mbele yako ukiona. Safari hii sitolichemsha.

Ishaq wenu